Wayahudi wa Beau Bassin

Nipo Morisi kikazi tangu wiki iliyopita. Jana nilimwomba dereva anipeleke ufukweni, akaniuliza kama nimeshaona makaburi ya Wayahudi. Nikadhani hatujaelewana. Wayahudi na huku wapi na wapi?

Kumbe Desemba 1940 Waingereza walileta hapa wakimbizi zaidi ya 1,500 waliomkimbia Hitler kutoka Vienna, Danzig na Prague. Walishafika Haifa kabisa, wakakataliwa kukaa Palestina, wakapakiwa melini hadi kwenye gereza la Beau Bassin. Wanaume wakatiwa seli, wanawake wakapewa vibanda vya mabati upande wa pili. Mke na mume, katikati ukuta! Kosa lao hata sasa silioni.

Malaria na homa ya matumbo ziliwaandama. Lakini binadamu bwana: humo humo wakaunda bendi ya jazi, wakaiita Beau Bassin Boys. Nimeganda hapo. Fikiria mtu wa Vienna anapuliza tarumbeta kwenye kamji ka kisiwa cha miwa, jioni anarudi kwa askari jela.

Waliondoka Agosti 1945. Zaidi ya 120 walibaki, wamezikwa St. Martin. Juu ya jiwe moja niliona herufi za Kiebrania na vikokoto vitatu vilivyopangwa, kama wanavyofanya wao wanapozuru kaburi. Dereva akaokota cha nne, akanipa mimi nikiweke.

Ufukweni hatukufika.