Siku moja nje ya lami kwenye milima ya Lefka Ori, Krete

Juu ya kijiji cha Anopoli, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Krete, lami inakwisha na barabara ya mawe inaanza kupanda. Kijiji kiko kwenye mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari. Barabara inaishia karibu na mita 2,000, chini ya kilele cha Pachnes chenye mita 2,453. Katikati hapo kuna kilomita ishirini na kitu za kona kali, kokoto zilizolegea na kingo zisizo na ukuta wala reli.

Barabara hii haikuchongwa kwa ajili ya watalii. Wenyewe ni wachungaji wa Sfakia, yaani eneo hili, wanaopandisha chakula na vifaa kwenye mazizi ya kiangazi na kushusha jibini. Ukilijua hilo, mwenendo wa kiongozi mzuri wa safari za 4x4 (magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne) unaeleweka: anakwenda polepole, anarudi nyuma kupisha pikapu iliyopakia, na kila geti la waya analolifungua analifunga tena hata kama hakuna mbuzi hata mmoja machoni. Geti alilolikuta wazi analiacha wazi, kwa sababu huenda mifugo inasubiriwa ipite kwenda kunywa maji.

Safari za aina hii huuzwa kwa namna mbili. Ama unakaa kama abiria na kiongozi anaendesha, ama unaendesha mwenyewe ndani ya msafara nyuma ya gari lake. Kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha kwenye mawe na miteremko, nashauri bila kusita akae abiria. Anayeendesha hapa haoni mlima. Anaona mita kumi za mbele yake tu, siku nzima.

Kabla ya kulipa, uliza kuhusu viti. Magari mengi ya kazi hii, hasa Land Rover Defender za zamani, yana mabenchi ya nyuma yanayotazamana. Abiria anakaa ubavu, na mara nyingine hakuna mkanda. Kukaa ubavu ndiko kunakoleta kichefuchefu, kwa kuwa mwili unasukumwa kushoto na kulia huku macho yakitazama uso wa jirani badala ya njia. Omba kiti kinachotazama mbele chenye mkanda. Kama tumbo lako halivumilii kona, dawa ya kuzuia kutapika imezwe kati ya nusu saa na saa moja kabla ya kuondoka. Ukisubiri hadi uanze kuhisi vibaya umechelewa. Nyingi ya dawa hizo huleta usingizi, kwa hiyo si za dereva.

Uliza pia magari yana matairi mangapi ya akiba, nani anabeba kompresa ya upepo, na kundi lina watu wangapi. Magari manne yananitosha. Yakizidi hapo, kila kituo kinakuwa foleni na la mwisho linakula vumbi mchana kutwa. Na kama unaendesha gari la kukodi, soma mkataba: kwa kawaida bima ya magari ya kukodi Krete haihusu matairi, rimu wala chini ya gari, na barabara isiyo na lami huifuta kabisa. Gari la msafara liwe la mwandaaji wa safari, lenye bima ya kazi hiyo.

Msimu nao una masharti yake. Theluji ya Lefka Ori ni nzito, na sehemu ya juu ya barabara mara nyingi haipitiki hadi Mei. Juni, Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba ni nyakati bora kuliko zote. Julai na Agosti panapitika, lakini joto na hatari ya moto huamua mambo badala yako. Ugiriki ina ramani ya hatari ya moto inayotolewa kila siku kwa ajili ya siku inayofuata, yenye ngazi 1 hadi 5. Ikifika 4 au 5, mamlaka zinaweza kufunga njia za milimani na misituni. Kiongozi anayekuambia atapita tu, mwache aende peke yake. Hatari yenyewe iko chini ya gari: ekzosi iliyotoka kupanda kwa saa nzima inaweza kuwasha nyasi kavu zinazoigusa. Magari yaegeshwe juu ya mawe au udongo mtupu, na kila gari libebe kizimamoto kinachofikiwa bila kushusha mizigo.

Ukitoka mji wa Chania saa moja asubuhi, kuna kilomita 70 na kidogo za lami hadi Hora Sfakion, kupitia uwanda wa Askyfou. Njia hiyo ya kuvuka milima ndiyo waliyoifuata kwa miguu maelfu ya askari wa Uingereza, Australia na New Zealand mwishoni mwa Mei 1941, wakiteremka baharini kusubiri meli za kuwaokoa. Kutoka Hora Sfakion, kona za lami zinapanda tena kilomita 12 hadi Anopoli. Hapo ndipo kazi inaanza, na hapo ndipo upepo wa matairi unapunguzwa.

Matairi huharibu siku nyingi kuliko injini. Mawe ya huku ni chokaa, na chokaa ikilika kwa maji ya mvua kwa karne nyingi hubaki na kingo kama wembe. Uso wa tairi una mpira mzito wenye nyuzi za chuma chini yake. Ubavu hauna ulinzi huo. Upepo ukiwa mwingi, tairi linakuwa gumu, linarukaruka juu ya mawe badala ya kuyashika, na pigo lote linakwenda kwenye shokapu na migongo ya abiria. Ukipungua mno, ubavu unavimba nje na kujianika kwenye kingo za mawe, na rimu inaweza kulibana tairi juu ya jiwe likatoboka pande mbili kwa mpigo mmoja. Kwa gari la ukubwa wa kati linalotumia PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 32 hadi 35 kwenye lami, PSI 24 hadi 26 inatosha. Desturi ya kushuka hadi 15, inayofaa kwenye mchanga, hapa ni kukaribisha balaa. Pancha ya uso inazibwa kwa kijiti cha mpira ndani ya dakika kumi. Ubavu ukichanika, tairi hilo kwa leo limekufa, na ndiyo maana msafara ubebe zaidi ya tairi moja la akiba la saizi ileile.

Chanzo kingine cha tairi kuchanika ni mguu wa dereva. Gurudumu likizunguka bila kushika, kila mzunguko unausugua mpira kwenye ukingo uleule wa jiwe. Dawa ni kuingiza 4L (gia za chini, zenye nguvu, za magurudumu yote manne) kabla ya mlima, si katikati yake, na kupanda kwa gia ya kwanza au ya pili kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Jiwe kubwa lililo njiani usilipitishe katikati ya magurudumu, maana hapo ndipo difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) inapokaa na ndiyo sehemu inayoning'inia chini kuliko zote. Lipandishe gurudumu juu yake taratibu. Vidole gumba vikae nje ya usukani: gurudumu likigonga jiwe, usukani wa gari la zamani unaweza kugeuka ghafla na kukitegua kidole.

Kadiri unavyopanda, injini inachoka kwa sababu mbili zinazokuja pamoja. Kwenye mita 2,000 kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na pwani, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Wakati huohuo gari linakwenda polepole mno kupeleka hewa ya kutosha kwenye rejeta, hasa upepo ukitoka nyuma. Mshale wa joto ukipita usawa wake wa kawaida, zima kiyoyozi kwanza. Mshale ukiendelea kupanda, washa hita ya ndani kwa nguvu zote na ufungue madirisha. Abiria watateseka, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Halafu simama mahali tambarare, geuza pua ya gari ielekee upepo, acha injini iungurume bila mzigo. Mfuniko wa rejeta usiguswe hadi uweze kuushika kwa mkono mtupu bila kuungua.

Ndani ya msafara, umbali kati ya magari unapimwa kwa vumbi: subiri uone njia ndipo uondoke. Kwenye njia panda, kila dereva anahakikisha gari la nyuma yake limemwona kabla hajakunja. Redio ndogo za PMR446, zisizohitaji leseni Ulaya, zina nguvu ya nusu wati tu na ukuta wa mwamba huzinyamazisha, kwa hiyo utaratibu wa njia panda hauna mbadala. Simu nazo hupotea kwenye makorongo. Pakua ramani mapema. Namba ya dharura ni 112.

Juu ya mita 1,800 mimea inakaribia kwisha na mlima unakuwa jangwa la mawe ya kijivu na hudhurungi, vilele vimejipanga kama vichuguu. Hakuna kijito wala kisima, kwa kuwa chokaa inameza maji yote ya theluji na kuyatoa mbali, chini karibu na bahari. Nusu saa ya kusimama hapa injini zikiwa zimezimwa ina thamani kuliko kilomita kumi zaidi za kuruka kwenye mawe. Tazama juu: tumbusi huja kuzunguka hewa ikishapata joto.

Wachungaji hukinga maji ya mvua na theluji kwenye matangi ya mawe. Hayo ni ya mifugo na ya watu wanaolala huku. Usinawe wala usichote bila ruhusa, na mfuniko ukiufungua urudishe palepale. Mbwa wa zizi wanafanya kazi yao. Baki ndani ya gari hadi mwenyewe atokee. Ukikaribishwa jibini, ipokee na ushukuru, ila mjamzito aulize kama maziwa yalichemshwa, kwa kuwa jibini laini ya maziwa mabichi inaweza kubeba vijidudu vya hatari kwake. Raki, pombe kali ya zabibu, itatolewa pia, mara nyingi asubuhi. Kikomo cha kileo Ugiriki ni gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, na 0.2 kwa dereva mpya au wa gari la biashara. Kwenye kingo hizi kikomo cha kweli ni sifuri, na kiongozi anayegonga glasi na wageni kisha akashika usukani hafai kulipwa.

Maji ya kunywa yawe lita 2 hadi 3 kwa kila mtu, na akiba ndani ya gari. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, hivyo ukiacha nyuzi 32 pwani utakuta 20 huko juu, pamoja na upepo. Chukua koti jepesi. Jua lenyewe linaunguza zaidi, kofia iwe na kamba ya kidevu, na anayevaa lenzi za macho avae miwani siku hiyo kwa sababu ya vumbi. Viatu vifunike vidole. Kamera ikae ndani ya mfuko uliofungwa, miguuni. Ukiiweka kitini itaruka.

Kushuka ndiko kunakohitaji uangalifu mkubwa kuliko kupanda. Dereva anayeshuka kwa breki tupu anazipasha moto mfululizo. Maji ya breki yakichemka, mvuke unajaa ndani ya mabomba na kanyagio linazama bila kushika chochote. Dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua, ya pili ni kanyagio laini. Baki kwenye 4L, gia ya kwanza au ya pili, mguu mbali na klachi, uache injini ilizuie gari. Breki iguswe kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha iachwe. Ukisikia harufu, simama uzipoze kwa dakika 20 na usivute breki ya mkono ikiwa kuna jiwe la kuweka mbele ya gurudumu, upande wa mteremko, kwani ngoma na pedi zenye moto huweza kushikana zikipoa.

Mkirudi Anopoli mapema, ongezeni kilomita chache hadi daraja la Aradena. Ni la chuma, la mwaka 1986, limening'inia mita 138 juu ya korongo, na mbao zake hugongana kwa kishindo gari linapopita. Kisha meza: mkate mwembamba wa Sfakia wenye jibini ya mizithra ndani, uliokaangwa na kumwagiwa asali.

Kabla ya kugusa lami tena, rudisheni upepo wa awali. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kwa kila mzunguko, na kwa mwendo wa kasi hupata joto hadi kupasuka. Magari manne kwa kompresa moja ndogo yanaweza kuchukua zaidi ya saa, ndiyo maana nauliza mwanzoni nani anabeba ngapi. Wakati mnasubiri, pitisha mkono kwenye ubavu wa ndani wa kila tairi, ule usioonekana ukisimama. Ukikuta uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika. Litoe tairi hilo hapohapo na ufunge la akiba, hata kama halivuji.