Eti mwili wangu haunitaki

Wifi Rehema aliyasema huku anakausha sahani, wala hakunigeukia: "Kwa hiyo wifi, mwili wako wenyewe ndio haukutaki?"

Nikamjibu, "Ndivyo wanavyosema, huu ugonjwa wa Graves ni wa mfumo wa kinga." Akasema pole, akaendelea na vikombe. Yakaishia hapo. Wiki hii idara yetu imeunganishwa na ya kina Mashaka, Nuru kapata barua ya chuo, shemeji karudi safari, lakini mimi nimeganda palepale jikoni. Haukutaki. Nikilala nalo, nikiamka nalo. Na kulala kwenyewe mnakujua kulivyo siku hizi: saa nane za usiku moyo unanidunda hadi masikioni, shuka limelowa jasho.

Wifi hana ubaya. Yeye ndiye aliyeona mikono yangu inatetemeka nikitunga uzi kwenye sindano. Wengine walipokuwa wakinisifu kwa kupungua, yeye aliuliza inakuwaje mtu anakula kuliko wote na nguo zinamvuka. Walioniambia ni wasiwasi tu, aliwakatalia mbele yangu. Nitamkasirikia vipi?

Lakini neno lile si kweli, na jana usiku nimelipatia jibu nikiwa na karatasi ya vipimo mkononi. T3 na T4, homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, ziko juu, TSH iko karibu na sifuri. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ndiyo amri inayoituma thairoidi kufanya kazi. Tezi ile haina kosa: imeona homoni zimefurika, ikanyamaza. Anayeamuru sasa ni kingamwili, askari wa mfumo wa kinga. Zinakaa kwenye vipokezi vya TSH, pale amri yake inapopokelewa kwenye thairoidi, na kuviamsha, sawasawa na mtu aliyeghushi sahihi ya mkuu wa kazi. Thairoidi haina namna ya kujua. Imepokea amri, inatii, inazalisha usiku na mchana. Yapo maradhi ya kinga yanayoibomoa tezi hii hii, ule wa Hashimoto ni mmojawapo. Huu wangu wa Graves hauibomoi, unaituma kupita kiasi.

Basi wifi, hakuna asiyenitaka humu ndani. Kuna anayedanganywa.

Nilipofika hapo nikashika shingo, pale palipovimba, nikaionea huruma tezi yangu. Ni mara ya kwanza tangu nianze kuumwa. Nikalia kidogo, kilio chepesi, halafu nikaendelea kusoma. Robert Graves alikuwa daktari wa Ireland. Mwaka 1835 aliandika habari za wanawake watatu waliodundwa na moyo muda mrefu huku shingo zimevimba. Wajerumani wanauita kwa jina la Basedow, aliyeueleza 1840. Nawafikiria wanawake wale. Hakuna aliyewapa karbimazoli.

Mimi ninayo, na propranololi ya kutuliza mapigo. Karbimazoli inaizuia tezi isitengeneze homoni nyingi, na huchukua wiki kadhaa mtu kuhisi tofauti. Kwa kawaida hunywewa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na takriban nusu ya wanaoiacha ugonjwa huwarudia. Hapo ndipo huzungumzwa madini joto yenye mionzi, au upasuaji. Sitaki kuyawaza leo. Baba Nuru kabandika karatasi kwenye mlango wa friji, herufi kubwa: HOMA AU KOO KUUMA, ACHA DAWA, KAPIME DAMU SIKU HIYO HIYO. Ni kwa sababu ya chembe nyeupe za damu, karbimazoli mara chache huzishusha vibaya. Kila nikikohoa ananitazama.

Kinachonikosesha raha sasa ni Nuru. Barua ya chuo inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na tangu aisome ameiweka chini ya magazeti yake. Nilipomuuliza alisema, "Tutaona, Mama." Tutaona nini? Na babake anasema nisimsukume.