Chumvi ya Kadiri ya Sarafu

Jana usiku nilimaliza kwa mara ya pili kitabu cha James Napier kuhusu imani za kale za magharibi mwa Uskoti, kilichochapwa mwaka 1879, na tangu alfajiri kisa kimoja cha utotoni mwake hakijanitoka moyoni.

Napier alizaliwa mwaka 1810 huko Partick, kijiji kilichokuwa kando ya Glasgow, akawa mkemia wa viwandani. Mwaka 1851 alitoa mwongozo wa kupaka metali moja juu ya nyingine kwa nguvu za umeme, kisha mwaka 1853 ukafuata mwingine wa kutia vitambaa rangi.

Alipokuwa mtoto alidhoofika kwa namna isiyoeleweka, watu wakashuku kwamba amepatwa na jicho baya. Sarafu ya peni sita iliazimwa kwa jirani, moto ukakokwa, mlango ukafungwa, naye akaketishwa kitini mbele ya moto. Bibi mmoja alijaza maji katika kijiko cha mezani, akachota chumvi kwa sarafu ile kadiri ilivyoweza kubeba, akazitia zote mbili majini na kukoroga kwa kidole cha shahada mpaka chumvi ikayeyuka. Nyayo na viganja vya mtoto vilioshwa mara tatu, akaonjeshwa maji hayo mara tatu, kisha bibi akampitishia kidole kilicholowa kwenye paji la uso. Maji yaliyobaki aliyamwaga nyuma ya moto akiomba mtoto akingwe na madhara, na hayo ndiyo maneno ya kwanza yaliyoruhusiwa kutamkwa chumbani humo. Mtoto alilazwa, akapona.

Napier mtu mzima aliziona imani hizi kuwa masalia ya dini za kale, hata akaongeza mwishoni mwa kitabu maelezo marefu ya kuhusisha Krismasi na ibada ya jua na moto. Sehemu hiyo hainivuti sana. Kinachonigusa ni kwamba angeweza kuandika tu kuwa alizinguliwa, akaishia hapo, lakini alitunza kijiko, sarafu, kiasi cha chumvi na ule ukimya, kwa uangalifu uleule unaotakiwa kwenye pipa la rangi. Kwa ajili hiyo namwona hata yule jirani aliyeitoa sarafu yake, ambaye bila shaka alijua mlango ule umefungwa kwa sababu gani.