Paka juu ya kinanda, Berlin

Mzee ninayepanga chumba kwake, huku Neukölln, mtaa wa Berlin, ana vinanda vya umeme kumi na kitu na paka mmoja. Paka anaitwa Sinus, kwa lile wimbi la sauti laini lisilo na mikwaruzo, na jina limemkosa kabisa. Akidai chakula alfajiri, mlio wake ni msumeno.

Kwetu Lamu paka ni wa mtaa. Hushinda gatini wakingoja vichwa vya samaki, na hakuna anayewauliza jina. Huyu wa Berlin ana daktari wake, ana chipu chini ya ngozi, na ana kitanda alichonunuliwa ambacho hajakilalia hata siku moja. Yeye hulala juu ya Roland Juno-106, kinanda cha mwaka 1984. Nilipomtumia mamangu picha alinipigia papo hapo: "Mwanangu, hao Wajerumani hawana mkeka?"

Mzee hushikilia kwamba paka wake ana sikio la muziki. Mimi kabla sijaja huku nilikuwa fundi redio Majengo, Mombasa, na najua anachofuata: joto la transfoma. Januari ya hapa, wallahi, hata mimi ningelala pale kama ningeenea. Tena mzee huwasha mashine mapema kabla hajacheza, maana ile Korg MS-20 yake ya 1978 ikiwa baridi sauti huteleza, haikai kwenye noti. Basi kila jioni kuna nusu saa ya joto bila kelele, na Sinus anaijua kama muadhini anavyoijua magharibi.

Taabu ni manyoya. Juno imejaa slaida usoni, yaani vishikizo vya kusogeza juu na chini, na kila slaida ina mwanya wake. Mwezi uliopita ile ya filta, kichujio cha sauti, ilianza kukwaruza, mzee akanijia na uso wa msiba. Kinanda hiki kina ugonjwa wake maarufu: chipu sita za sauti zilizofunikwa gundi ngumu, ambazo zikizeeka hufa moja moja, na mafundi huziloweka kwenye asetoni ili kuivua ile gundi. Akadhani ndiyo hiyo. Nikafungua, nikachomoa kwa kibano uzi wa manyoya ya kijivu uliojisokota kama utambi wa koroboi. Nikapuliza, nikatia dawa, mkwaruzo ukaisha. Kodi nikapunguziwa yuro 50.

Ila Ijumaa iliyopita lile neno la mzee kuhusu sikio lilinirudia. Aliikaza filta ya Korg mpaka ikaanza kupiga mluzi yenyewe, akawa anaupandisha mluzi polepole. Ana miaka 74.

"Imeisha?" akaniuliza.

Haikuwa imeisha, ilikuwa inanichoma meno. Akazungusha tena, na mimi nikaachwa. Sikio la binadamu, tena la kijana, huishia kama hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. La paka hupita 60,000. Tukamgeukia Sinus. Macho kafumba, masikio yamesimama, moja likigeuka kidogo kidogo kuelekea spika. Mzee akaongeza nukta. Masikio yakalala nyuma. Paka akanyanyuka, akajinyoosha, na katika kushuka akakanyaga noti tatu za besi. Hizo tulizisikia sote.