Matamvua ya Samaki na Miaka Yake

Mnunuzi makini wa samaki hapa Tanga, kabla hajataja bei, huinua kwanza shavu la samaki na kutazama matamvua: yakiwa mekundu samaki ni mbichi, yakiwa yamepauka ni wa jana. Kwa miaka mingi nami nilitazama rangi tu. Siku hizi natazama pia upana wa matamvua, kwa kuwa yanatoa fununu ya namna samaki alivyoishi.

Jodari, ambaye haachi kuogelea usiku na mchana, ana matamvua mapana, maana mwili unaofanya kazi kubwa unahitaji hewa nyingi. Faulusi naye ana maisha ya haraka: katika mwaka wake wa kwanza anaweza kufikia urefu wa mita moja, hutaga mapema na mara nyingi, na ni wachache wanaofikisha miaka mitano.

Silikanti, samaki adimu wa bahari ya kina kirefu, ni kinyume chake kabisa. Mwili wake hukaribia mita mbili, lakini matamvua yake ni madogo mno. Mchana hujisitiri katika mapango ya kina kirefu, na usiku hutoka akielea taratibu kutafuta mawindo. Zamani ilidhaniwa kwamba huishi miaka 20 hivi, hadi uchunguzi wa magamba uliochapishwa mwaka 2021 ulipokadiria kuwa anaweza kukaribia miaka 100, kwamba hukomaa akiwa na miaka ipatayo 55, na kwamba mimba yake huchukua takriban miaka mitano. Hatagi mayai, bali huzaa. Jike mmoja aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni, idadi ndogo sana ukikumbuka kwamba samaki wengi wa baharini hutaga mayai kwa maelfu, na wengine kwa mamilioni.

Ndiyo maana sikubali tunapopima uwezo wa samaki kustahimili uvuvi kwa kutazama urefu wake peke yake. Faulusi na silikanti wanaweza kulingana kwa rula, ilhali mmoja amekwishataga mara nyingi na mwenzake bado ni mtoto. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa hapa Tanga mwaka 2009, baada ya samaki hao kuanza kunaswa katika jarife za kina kirefu zilizotegwa kwa ajili ya papa. Jike anayenaswa humo akiwa na miaka 50 huenda hajawahi kuzaa hata mara moja.