Alisamu kwenye mawe ya Isamilo

Aprili 10. Dada kaniletea kutoka Nairobi pakiti mbili za mbegu za alisamu, maua madogo ya bustani, nyeupe na zambarau. Mbegu zenyewe vumbi tupu, kama za mchicha. Nimezisia kama ninavyosia figiri: nimechora mstari, nikafukia, nikamwagilia.

Aprili 26. Magugu yameota vizuri sana. Alisamu umeota mche mmoja tu, tena pembeni, pale mvua iliposomba udongo na kuiacha mbegu wazi. Huo mmoja ndio ulionishtua. Nimeuliza na kusoma: mbegu hizi zinataka mwanga ndipo ziote. Mimi nilizizika.

Mei 3. Awamu ya pili. Nimetoboa beseni kuukuu, nikajaza mchanga na mboji nusu kwa nusu, nikatawanya mbegu juu na kuzigandamiza kwa kiganja. Sikufukia hata kidogo. Maji ni ya kunyunyizia, maana ukimimina kwa kopo zote zinakimbilia kona moja. Siku ya sita beseni lilikuwa la kijani.

Mei 30. Nimehamisha miche 40. Ishirini na minane imeingia kwenye tuta lenye samadi ya kutosha, nafasi ya sentimita 20. Tuta likajaa. Ile 12 iliyobaki nilikuwa naionea huruma kuitupa, basi nikaipachika kwenye nyufa za mawe nyuma ya nyumba, kila mmoja na konzi ya udongo wenye kokoto. Anayeijua Isamilo, mtaa wetu hapa Mwanza, anajua kwamba kiwanja chako nusu ni jiwe.

Juni 21. Ya tuta ni majani tu, manene, na mengine yameoza shinani. Nimepoteza 11. Ya kwenye mawe ipo yote 12, mifupi, na minne imeshatoa maua. Mzee jirani alinikuta jioni na ndoo yangu. "Mwanangu, kila siku maji? Hayo si mchicha."

Kweli si mchicha. Jina lake la kitaalamu ni *Lobularia maritima*, na hilo la pili linahusu bahari: asili yake ni pwani za Mediterania, kwenye mchanga na miamba. Maji yakituama, mizizi inaoza. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, unavuna majani. Nilikuwa nahangaika kuitengenezea kitanda laini wakati Mwanza nzima ni mawe! Sasa namwagilia udongo ukishakauka kidoleni, basi.

Julai 18. Harufu ya asali, hasa asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza. Nyuki wapo, na pia wale nzi wenye mistari kama nyuki wanaosimama hewani pasipo kutua. Hao nawapenda zaidi, kwa sababu mabuu wao wanakula vidukari. Sukuma wiki ya mke wangu iko hatua tatu kutoka hapo na mwaka huu ina nafuu. Sitaapa kwamba ni alisamu, maana sikuhesabu. Ila mmea huu ni ukoo mmoja na kabichi na sukuma, kwa hiyo wadudu wengine wa mboga wanaweza kuupenda pia. Nachungulia chini ya majani.

Septemba 6. Jua limekuwa kali, mawe yanachoma mpaka usiku. Maua yamekoma, vikonyo vimerefuka kama ndevu. Nimechukua mkasi nikakata nusu ya kila shina. Mke wangu alisimama mlangoni: "Baba, si bora ungeyang'oa tu?" Hatukuongea sana siku hiyo.

Septemba 27. Yamerudi, meupe kote. Hajasema kitu, ila jana kakata kishada akaweka kwenye glasi mezani.

Oktoba 19. Mvua ya vuli imeanza. Kwenye ufa wa chini, ambako sikupanda chochote, nimekuta miche 17 iliyojiotea yenyewe. Tuta nimemrudishia mke wangu. Kaweka figiri.