Mama tuliyemwacha nyuma Efeso

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii mliniomba niandae picha za safari yetu ya Uturuki ili tuzitazame pamoja baada ya ibada. Jumanne usiku nikakaa na simu, nikaanza kuchagua. Za Efeso peke yake, ule mji wa kale wa Biblia ambao leo ni magofu, zilikuwa 214. Maktaba ya Celsus kwa mbali, maktaba ya Celsus kwa karibu, mimi mbele ya maktaba ya Celsus. Na mtume Paulo hata hakuiona maktaba ile, ilijengwa karne ya pili, yeye ameshalala zamani. Nikazipitia zote, nikarudia. Mama yetu, yule aliyekuwa mkubwa kuliko sote katika kundi, hayumo hata katika moja.

Waliokuwepo wanakumbuka. Tuliingia kwa lango la juu, na njia inateremka moja kwa moja mpaka kwenye maktaba. Imetandikwa marumaru, na kwa miguu ya karne nyingi imelainika hata inateleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Mama anasumbuliwa na magoti. Mwongozaji alikuwa ametupa saa mbili tu. Mimi, mzee wa kanisa, niliyemwambia mwanawe pale uwanja wa ndege, "Usiwe na hofu, mama yuko mikononi mwangu," nilitazama saa, nikamwambia, "Mama, wewe njoo polepole, tutakutana chini." Nikatangulia.

Tukaenda mpaka kwenye ule ukumbi wa wazi wa michezo ya kuigiza, wa Matendo ya Mitume 19, ambamo umati uliopinga mahubiri ya Paulo ulipiga kelele kwa muda wa saa mbili kumsifu mungu wao wa kike, "Artemi wa Waefeso ni mkuu." Ukumbi ni mkubwa, unaingiza watu kama 25,000. Nikasimama katikati nikasoma sura ile kwa sauti, tukaimba, watu wa mataifa mengine wakasimama kutusikiliza. Nilijisikia nimebarikiwa. Tulipokwisha kusema amina ndipo nikamwona mama akiingia, ameshika mkono wa kijana mlinzi wa magofu. Kijana yule alimkuta ameketi juu ya jiwe, akamsalimu, "Salaam aleykum," na mama, mzaliwa wa Tanga, akamwitikia. Basi akamtegemeza hatua kwa hatua mpaka chini, na mkoba akambebea.

Wapendwa, niliwaongoza watu kuimba mahali ambapo Injili ilipigwa vita, na wakati huohuo dada yangu katika Kristo alikuwa anateremka kwa mkono wa mtu asiyemjua.

Tangu Jumanne nasoma Ufunuo 2, ujumbe wa Bwana kwa kanisa la Efeso, na neno haliniachi. Bwana hawalaumu Waefeso kwa uvivu. Anasema, "Nayajua matendo yako, na taabu yako, na subira yako." Waliwajaribu mitume wa uongo, wakawatambua. Mafundisho yao yalikuwa safi. Kisha, "Lakini nina neno juu yako, ya kwamba umeuacha upendo wako wa kwanza." Mara nyingi tunahubiri kwamba upendo wa kwanza ni ile furaha ya siku tulipookoka. Lakini angalieni Paulo alisikia nini juu ya kanisa hilihili: imani yao katika Bwana Yesu, "na pendo lenu kwa watakatifu wote." Wote! Na yule mwenye magoti mabovu. Paulo mwenyewe aliwaambia wazee wa Efeso kule Mileto kwamba kwa miaka mitatu, usiku na mchana, hakuacha kumwonya kila mtu kwa machozi. Kila mtu. Hivyo ndivyo kanisa lile lilivyolelewa.

Mlioshuka nami mpaka ile barabara ya bandari mliuliza bahari iko wapi. Haipo. Efeso ilikuwa bandari kubwa, meli zikitia nanga pale pale, lakini mto ulileta tope kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na leo bahari iko kilomita kadhaa mbali. Hakuna siku ambayo mtu aliamka akasema leo bandari imekufa. Na lile kanisa la Mariamu, ambamo maaskofu walikusanyika mwaka 431 kukiri kwamba aliyezaliwa na Mariamu ni Mungu kweli, limebaki kuta na nyasi. Kukiri kwao tunakushika hata leo, lakini ibada ya Jumapili pale hakuna.

Basi niseme kwa upole lakini niseme. Ushirika wetu una tope. Kwaya ziko tatu, na mahubiri tunajua kuyapima. Jengo linapanda. Lakini mtu akilazwa, tunaandika "pole, tunakuombea" kwenye simu, tunaweka na ile alama ya mikono, tumemaliza. Mjane wa jumuiya ya bondeni ana miezi mitatu hajaja ibadani, na mimi nilijua habari zake kutoka kwa muuza mkaa. Bwana hakumwambia Efeso, "jisikie vibaya." Alisema, "ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Matendo! Inuka uende. Piga hodi, keti, uliza amekula nini. Shika mkono wa mtu kwenye mteremko, hata kama utakosa kuyaona magofu yenyewe. Ndugu yangu, kama kuna mtu moyo wako umemtaja unaposoma hapa, usingoje Jumapili.

Alhamisi nilikwenda kwa mama kuomba msamaha. Magoti yamevimba, hatoki. Nilipomaliza kuongea akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, yule kijana aliniuliza watoto wangu wako wapi. Nikamwambia wametangulia kuniandalia mahali."

Sikuweza kumjibu. Nililia mbele yake kama mtoto.

Kwa hiyo picha hatutazitazama kanisani. Tutazitazama nyumbani kwake, Jumamosi hii saa tisa alasiri. Wenye nguvu njooni kuanzia saa saba: kuna kuni za kupasua, na paa la jiko lake linavuja.